JERAHA LIMEFUNGA, KIJITI KIMEBAKI NDANI



Mara nyingi katika kurasa hizi tumeandika juu ya mishahara, mikataba na saa za kazi. Safari hii tunaandika juu ya jicho, kwa sababu mfanyakazi asiyeona vizuri hana mshahara wa kudai wala saa za kuhesabu. Na tunaandika juu ya ajali ya namna moja ambayo wengi wetu hatuijui: kitu kinachoingia katika tundu la jicho wakati wa kuumia, kikabaki humo, na jeraha likafunga juu yake bila mtu yeyote kufahamu.

Habari hii tumeipata hapa hapa Nyakabanda. Wanaoishi umurenge huu wa wilaya ya Nyarugenge wanajua jinsi nyumba zinavyojengwa kwenye mteremko, moja juu ya nyingine, na jinsi majukwaa ya miti ya mikaratusi yanavyosimamishwa ovyo ovyo kando ya kuta. Katika jengo moja la namna hiyo alikuwapo mwenzetu mmoja, msaidizi wa mwashi, yaani umuyede kama tunavyowaita hapa. Jina lake hatulitaji, maana yeye mwenyewe ametuomba hivyo. Amekubali habari yake isimuliwe ili wengine wapone.

YALIYOMPATA MWENZETU

Siku hiyo alikuwa akipandisha karai la udongo wa saruji. Mti mmoja wa jukwaa ulikuwa umefungwa kwa kamba iliyochoka. Kamba ikakatika, naye akaanguka kutoka urefu usiofika mita mbili, uso ukitangulia. Chini palikuwa na kigingi cha mti mkavu kilichotumika kuvutia uzi wa msingi. Kigingi kikamchoma chini ya nyusi, karibu na pua.

Wenzake walimwinua. Damu ilikuwa kidogo. Kidonda chenyewe hakikufika sentimita moja. Walimwonyesha vidole, akavihesabu vyote. Kapita akasema, "Bahati yako, jicho limepona," akakitupa kile kigingi pembeni na kazi ikaendelea. Mwenzetu alikwenda kwenye zahanati moja ya karibu. Akaoshwa, akashonwa nyuzi mbili, akapewa dawa ya kupaka. Siku ya tatu alirudi kazini, kwa kuwa kibarua akikosa siku amekosa chakula cha siku hiyo.

Wiki ya pili kope ilivimba. Alipewa vidonge, uvimbe ukapungua. Vidonge vilipokwisha, kovu likafunguka na usaha ukatoka. Akapewa vidonge vingine, kovu likafunga. Baada ya muda likafunguka tena. Ikawa hivyo kwa miezi minne. Alipigwa eksirei, akaambiwa picha ni safi, hakuna kitu. Watu wa nyumbani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Wengine walimshauri aweke majani.

Aliyeukata mnyororo huo alikuwa muuguzi mmoja wa kituo cha afya, ambaye alimwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza hata siku moja: "Ule mti uliokuchoma, ulivunjika?" Mwenzetu akafikiri sana. Akakumbuka kwamba kapita alipokitupa kigingi, ncha yake haikuwapo. Muuguzi akaandika barua ya kumpeleka mbele, na humo akaandika kwamba huenda kuna kipande cha mti ndani. Huko hospitalini alipigwa picha za skani. Alipofanyiwa upasuaji, kilitolewa kipande cha mti kama nusu ya njiti ya kiberiti kwa urefu, lakini kinene kuliko kalamu ya risasi, kimelainika na kuoza.

Jicho halikung'olewa. Usaha umekoma. Lakini msuli mmoja unaolisogeza jicho ulikwisha kushikwa na makovu. Akitazama juu anaona vitu viwili viwili. Mtu anayeona ngazi mbili badala ya moja hawezi kupanda jukwaa. Leo anafyatua matofali kwa malipo madogo kuliko yale aliyokuwa akipata.

KWA NINI KITU HUJIFICHA

Ndugu msomaji, weka kidole chako pembeni mwa jicho, uguse ule mfupa. Hicho ni kingo cha tundu la jicho. Tundu hilo limejengwa kwa mifupa 7 iliyoungana, nalo lina umbo la faneli: mdomo mpana mbele, mkia mwembamba nyuma. Kina chake ni sentimita 4 hadi 5. Ndani yake zingeingia kama sentimita za ujazo 30 za maji. Jicho lenyewe, ambalo kipenyo chake ni kama milimita 24, linachukua chini ya theluthi moja ya nafasi hiyo. Nafasi iliyobaki ina mafuta laini, misuli ya kulisogeza jicho, mishipa ya damu, na mshipa wa fahamu unaopeleka habari za kuona kwenye ubongo.

Basi hapo ndipo penye siri. Kitu chembamba kinaweza kupita kati ya jicho na mfupa, kikazama katika yale mafuta, na jicho lenyewe lisiguswe. Mtu ataendelea kuona vizuri. Ngozi ya kope ni nyembamba na ina damu nyingi, hivyo hufunga upesi. Baada ya siku chache hubaki alama ndogo tu, na kila mmoja anasema hatari imepita.

Kuna jambo jingine. Ukuta wa ndani wa tundu hili, ule wa upande wa pua, ni mwembamba kama karatasi. Dari yake nayo ni nyembamba, na juu ya dari hiyo ndipo ulipo ubongo. Kijiti kilichoingia chini ya nyusi kwa nguvu ya mtu anayeanguka kinaweza kutoboa dari hiyo. Ndiyo maana madaktari hawalichukulii jeraha la kope kuwa dogo mpaka wawe wameangalia nyuma yake.

Vitu vyenyewe havifanani. Chuma cha pua, kioo, jiwe na plastiki mara nyingine hukaa ndani ya tundu kwa miaka bila kuleta udhia, na daktari anaweza kuamua kuviacha ikiwa viko ndani sana na kuvitoa kungeharibu zaidi. Shaba huleta uvimbe mkali. Chuma kikiingia ndani ya jicho lenyewe, kutu yake hulipofusha polepole. Lakini kibaya zaidi katika tundu la jicho ni mti. Mti una vinyweleo, hubeba vijidudu na ukungu kutoka ardhini, nao huoza. Mwili haukubali kukaa nao. Huufukuza kwa usaha, na usaha hutafuta njia ya kutokea. Ndiyo sababu kovu la mwenzetu lilikuwa likifunguka na kufunga. Dawa ziliua vijidudu vya leo, na kijiti kikazalisha vya kesho.

Kwa nini basi eksirei haikuona? Tangu Röntgen alipozigundua mwaka 1895, miale hiyo imetusaidia kuona mfupa na chuma. Mti mkavu haukamati miale hiyo vya kutosha. Hata katika picha za skani, ambazo mgonjwa wa kwanza alipigwa mjini London mwaka 1971, mti mkavu huonekana mweusi kama kiputo cha hewa, na anayesoma picha anaweza kudhani kweli ni hewa iliyoingia wakati wa kuumia. Huutambua akiwa ameambiwa autafute. Kwa hiyo picha safi haimaanishi kwamba ndani hamna kitu. Maelezo ya mgonjwa ndiyo yanayoiongoza mashine.

HATA MFALME

Asidhani mtu kwamba jambo hili huwapata mafukara peke yao. Tarehe 30 Juni 1559, mjini Paris, Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alikuwa akicheza mchezo wa kushindana kwa mikuki juu ya farasi. Mkuki wa mpinzani wake ulivunjika, na vibanzi vya mti vikapenya kwenye chuma cha kukinga uso na kumwingia penye jicho la kulia. Waliitwa matabibu wakubwa wa zama zile, Ambroise Paré na Andreas Vesalius. Baadhi ya vibanzi vilitolewa. Mfalme alikufa tarehe 10 Julai, siku ya kumi baada ya kuumia. Alikuwa na matabibu bora wa Ulaya, lakini hakuwa na skani wala dawa za kuua vijidudu. Sisi tunavyo vyote viwili katika nchi yetu. Hakuna sababu ya mwashi wa Nyakabanda kupotea kwa ugonjwa uliomuua mfalme wa karne ya 16.

Karibu nasi zaidi tunakumbuka Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, lilipolipuka bomu katika ubalozi wa Marekani. Watu zaidi ya 200 walikufa mjini humo na maelfu wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa maofisi ya jirani. Walisikia mlio mdogo kwanza, wakakimbilia madirishani kuona kuna nini, ndipo mlipuko mkubwa ukawakuta nyuso zao ziko kwenye vioo. Wengi walipoteza macho, na wengine wakaishi na vipande vya kioo mwilini. Jambo la kujifunza ni kwamba kipande cha kioo kikirushwa kwa nguvu huacha mlango mdogo sana, na siku ya ghasia majeraha madogo hayaangaliwi.

Hapa kwetu pia wapo waliobeba vipande vya risasi na gruneti tangu Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kwao, na kwa kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya kusaga au kugonga chuma, tuna onyo moja. Ipo mashine ya kupiga picha kwa nguvu ya sumaku. Mashine hiyo ni nzuri, lakini ikimkuta mtu mwenye kipande cha chuma jichoni inaweza kukisogeza. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliandika habari za mgonjwa aliyepofuka jicho moja kwa njia hiyo. Ukiambiwa uingie katika mashine ya sumaku, sema mapema: "Nimewahi kuumia," au "Mimi ni mchomeleaji." Usione haya.

YA KUFANYA AJALI IKITOKEA

Wenzetu, haya yafuatayo yakatwe na kubandikwa ukutani penye kila jengo na kila karakana.

Kwanza, kitu kilichochoma na bado kinaonekana kisichomolewe. Acheni hapo hapo. Kukichomoa ni kazi ya chumba cha upasuaji.

Pili, msilisugue jicho wala kulikandamiza. Chukueni kitako cha kikombe cha karatasi au cha plastiki, mfunike bila kugusa jicho, kisha mkibandike kwenye mifupa ya kuzunguka. Msiweke majani, maziwa wala dawa ya jirani.

Tatu, kitafuteni kile kilichochoma. Kiwe kigingi, waya, kalamu au tindo, kichukueni mwende nacho hospitalini. Daktari akiona ncha imevunjika atajua la kutafuta. Laiti kile kigingi cha Nyakabanda kingefika zahanati siku ile, miezi minne isingepotea.

Nne, mjeruhi apelekwe siku ile ile, na aulizwe habari ya chanjo ya pepopunda. Asipewe chakula kabla ya kuonana na daktari, maana huenda akahitaji upasuaji.

Tano, elezeni ajali ilivyokuwa: alianguka kutoka wapi, juu ya nini, mti au chuma, mkavu au mbichi, ulivunjika au haukuvunjika. Msiseme tu "aliumia jicho."

Hapo kuna tofauti moja ya kukumbukwa. Ikiwa jicho limeingiwa na chokaa au saruji, usisubiri hospitali. Lioshe papo hapo kwa maji safi mengi, robo saa hadi nusu saa bila kukoma, ndipo uende.

Baada ya hapo, yeyote aliyewahi kuchomwa karibu na jicho aangalie dalili hizi hata kama miezi imepita: uvimbe unaorudi, usaha unaotoka kwenye kovu, kuona vitu viwili viwili, jicho linalotokeza mbele au lisilosogea vizuri, maumivu ukiligeuza, na kuona kunakopungua. Homa kali, maumivu makubwa ya kichwa na shingo kukakamaa ni dalili za kukimbia hospitali usiku huo huo. Wazazi nao waangalie watoto wanaokimbia na vijiti na kalamu mdomoni au mkononi, maana tundu la jicho la mtoto ni dogo na ubongo uko karibu zaidi.

Hatuandiki haya ili kumlaumu muuguzi aliyeshona nyuzi mbili. Alishona alichokiona. Kati ya mwaka 2012 na 2017 Wizara ya Afya pamoja na shirika la Vision for a Nation walifundisha wauguzi wa vituo vya afya nchini kote kazi ya kupima macho, na tumeona faida yake katika lile swali moja la muuguzi. Lakini muuguzi hana uchawi. Usipomwambia, hajui. Na usaha ukirudi mara ya pili, omba kwa adabu barua ya kupelekwa mbele. Hospitali kubwa ziko, CHUK hapa mjini na kitengo cha macho cha Kabgayi kinachojulikana nchi nzima.

HAKI YETU

Sasa tuje kwenye upande wa chama. Mwenzetu alipotoka hospitalini alikwenda kwa mwajiri wake kuuliza juu ya gharama. Akajibiwa kwamba jengo limekwisha, na kwamba hakuna karatasi inayoonyesha kuwa aliumia hapo. Ni kweli, karatasi haikuwapo. Kapita hakuandika, mwajiri hakutoa taarifa, na mwenyewe hakujua kwamba taarifa ni haki yake. Tulikwenda kumwona mwajiri huyo mara mbili. Mwishowe alilipa sehemu ya gharama, kwa hisani kama alivyosema. Lakini malipo ya ulemavu wa kazini hayakupatikana.

Wafanyakazi wafahamu mambo haya. Sheria ya kazi Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamhusu hata mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika mambo ya afya na usalama kazini. Mchango wa bima ya ajali za kazini unaopelekwa RSSB ni asilimia 2 ya mshahara, nao hulipwa na mwajiri peke yake; mfanyakazi hakatwi hata faranga moja. Mituweli ni jambo jema, lakini haichukui mahali pa bima hiyo. Na Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema wazi katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Kwa hiyo kapita anayewaambia vijana wajinunulie miwani ya kukinga macho anawatwisha mzigo usio wao.

Tunadai mambo manne. Miwani ya kukinga macho itolewe bure kwa kila anayegonga, anayesaga na anayekata. Vigingi na nondo zilizosimama zifunikwe ncha. Majukwaa yakaguliwe kila asubuhi, kamba zilizochoka zitupwe. Na kila jengo liwe na daftari la ajali, ambamo hata jeraha la nyuzi mbili litaandikwa siku ile ile, pamoja na majina ya walioshuhudia. Maonyo yabandikwe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, ili kila mtu asome.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Miwani ikitolewa tuivae, tusiitundike shingoni kwa sababu ya joto. Mwenzetu akianguka, mmoja ashike mkono wake na mwingine aokote kile kilichomchoma. Asiyejua kuandika amwombe anayejua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi wajenzi tunajua kuliko wengine bei ya ukuta.

Mwenzetu wa Nyakabanda ametuambia kwamba kile kipande cha mti alikiomba hospitalini, naye amekihifadhi katika kichupa. Siku ya mkutano wetu alikipitisha mkono kwa mkono. Vijana waliokuwa wakicheka nyuma walinyamaza. Mmoja wao alitoka nje, akarudi na miwani yake aliyokuwa ameiacha kwenye mfuko wa koti.

Umoja wetu ndio kinga yetu.